Wanawake Juu ya Paa la Mama

Mvua ya mawe ilitukuta tukila. Mama alikuwa amepakua ugali wa muhogo na mtama, mboga ilikuwa mrenda, na mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, nilikuwa nimempakata. Tulisikia kitu kama kundi la ng'ombe likikimbia juu ya migomba, likitujia. Mama aliinua kichwa, akazitazama pau zilizoliwa na mchwa, akasema, "Tokeni." Hakupaza sauti. Nilimbeba mtoto nikakimbilia jikoni, kibanda kidogo kilichokuwa nyuma ya nyumba, na nilipogeuka nikaona paa letu likiinama upande mmoja, polepole, halafu likaingia ndani lote.

Mama alikuwa bado humo. Alitoka amefunikwa na nyasi nyeusi za masizi, ameshika blanketi la baba na sufuria. Damu ilimtiririka kando ya sikio. Nilipiga yowe. Yeye alikaa chini katikati ya mawe ya barafu akaanza kucheka, na kicheko kile kiliniogofya kuliko damu.

Kwetu kulikuwa Bukhayo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Busia mjini, miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye stesheni ya reli kule Malaba. Akaugua tumbo, rafiki yake akamleta nyumbani kwa baiskeli akiwa amemfunga kwa shuka mgongoni ili asianguke, na baba hakuinuka tena. Siku ya kumzika, wazee walivunja kile kijiti cha kileleni mwa nyumba, alama kwamba humo ndani mna mwanamume. Matanga yalipoisha, baba mdogo, aliyemfuata baba kwa kuzaliwa, akaja kumrithi mama kama ilivyokuwa desturi.

Mama alikataa. Alisema mbele ya wazee, amepiga magoti kwa adabu, "Shemeji, nitakuheshimu mpaka nife. Lakini kitandani kwangu, hapana."

Maneno hayo yalitufungia milango mingi. Mjane asiyerithiwa hakuanza kupanda mbegu kabla ya wenzake. Hakuingia nyumba za watu ovyo. Nyumba yake haikuguswa na mkono wa mwanamume. Padri alisema kanisani kwamba kurithi wajane ni dhambi, na mama alimshukuru, ila padri hakuwa mtu wa kuezeka nyumba.

Na mwanamke hakupanda paa. Mwiko huo sisi watoto wa kike tuliujua kabla ya kujua kuchota maji. Mwenye mume akipanda, mume hufa. Mjane akipanda, kifo kinachukua mtoto. Sikumbuki ni nani aliyeniambia, kama ambavyo sikumbuki aliyeniambia kwamba moto unaunguza.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alikuja. Hakuingia uani. Alisimama penye mwanya wa ua wa minyaa, akaitazama nyumba yetu iliyofumuka, mikono nyuma.

"Shemeji."

"Naam."

"Umeona?"

Mama alikuwa anaosha sufuria. "Nimeona. Ni mvua."

"Mvua imenyesha kwa kila mtu. Paa lililoanguka ni moja tu." Alinitazama mimi, halafu akamtazama mdogo wangu. "Nikija hapa kama mwenye nyumba, kabla ya Jumapili mtalala mahali pakavu. Nisipokuja, hakuna mwanaume wa ukoo huu atakayepanda hapo juu. Nimeshawaambia wote. Na masika ndiyo hayo."

"Nimesikia."

"Huyo mtoto anakohoa," alisema, kisha akaenda zake.

Ni kweli, alikuwa anakohoa. Tulilala kule jikoni pamoja na mbuzi na kuku, moshi ukituchoma macho, maji yakipenya chini ya ukuta. Tangu siku hiyo nilijifunza kusikiliza kikohozi. Kikitoka kifuani nilishika pumzi, na kikinyamaza nilishika pumzi zaidi.

Mama alikuwa katika kikundi cha wanawake waliolimiana, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Aliyewaongoza alikuwa mkunga mzee, mjane, aliyewapokea karibu watoto wote wa upande wetu, mimi nikiwemo. Tulimwita Kukhu, yaani bibi. Alikuwa mfupi na mweusi sana, na alivuta sigara kwa kutia upande wa moto ndani ya mdomo, kama bibi wengi wa wakati ule. Nilimwogopa hata alipokuwa ananipa ndizi.

Zamu yetu ilipofika walikuja na majembe yao. Kukhu aliizunguka nyumba, akausukuma ukuta kwa kiganja, akaitoa sigara mdomoni.

"Leo hatulimi," alisema. "Ukuta ni mzima. Tunaezeka."

Wanawake wakatazama juu. Mama akasema, "Hapana, Kukhu. Sitaki mtu afe kwa sababu yangu."

"Nyasi za kuezekea anakata nani?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Nauliza. Anakata nani?"

"Sisi," mmoja alisema.

"Nani anazibeba kichwani kutoka bondeni? Nani anasokota kamba? Udongo wa ukuta anaukanda nani? Matita ya nyasi anawarushia wanaume huko juu nani?"

"Sisi."

"Basi kilichobaki ni urefu wa ngazi tu."

Mwanamke mmoja mnene, jirani yetu, alitikisa kichwa. "Mimi nina mume, Kukhu. Ana visirani vyake, lakini bado namtaka." Wengine walicheka, lakini hakuwa anatania. Alichukua jembe lake akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja bila kutazama nyuma. Waliobaki walikuwa wachache. Wengi wao walikuwa wajane. Mwenye mume aliyebaki alikuwa mmoja, msichana tu, aliyeolewa kwetu kutoka upande wa Malaba. Alikuwa wa kabila la Wateso, Kiluhya chake bado kilikuwa cha kukwama, kwa hiyo tulizungumza naye Kiswahili. Mume wake alifanya kazi kiwandani Jinja, ng'ambo ya mpaka.

"Wewe nenda nyumbani," mama alimwambia.

"Nitakata nyasi," alijibu. "Kukata si kupanda."

Walikata nyasi kule bondeni, wakazianika. Wakatafuta miti ya pau na fito, wakasokota kamba za katani. Habari zilikuwa zimeenea, na watu waliopita njiani waligeuza uso wasituone. Wasichana wenzangu waliacha kunisubiri twende mtoni. Mmoja aliniambia, bila ubaya wowote, kama mtu anayekupa pole, "Mama amesema nisicheze na wewe mpaka tujue ni nani atakufa."

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Ngazi iliegemezwa ukutani. Kukhu alijifunga kanga kiunoni, akatema mate kifuani mwake kuomba baraka, kama alivyofanya kabla ya kumshika mtoto anayezaliwa, akaanza kupanda. Nilifumba macho. Nilitegemea radi. Nilitegemea ardhi ifanye kitu. Nilipofumbua alikuwa amekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, anaomba apewe pau ya kwanza.

Mama alimfuata, halafu wajane wengine. Walifanya kazi bila kuimba, wao ambao hawakushika jembe bila wimbo. Mifupa ya paa ikasimama, fito zikafungwa, nyasi zikaanza kupanda safu juu ya safu kutoka chini. Mimi nilikuwa kivulini mwa mgomba na mtoto mgongoni. Kila mguu wa mama ulipoteleza kidogo, niliuma mkono wangu.

Adhuhuri watu wa juu walianza kuchoka. Yule msichana wa Malaba alikuwa chini, anarusha matita. Mjane mmoja alishuka, akasema hawezi tena. Nyasi zilikuwa zimebaki, mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Uganda. Msichana aliitazama ngazi kwa muda mrefu.

"Usipande," mama alimwambia kutoka juu. "Nakukataza."

Alipanda. Alipanda haraka kama mtu anayevuka moto, na alipofika juu alishika fito kwa mikono yote miwili, midomo yake ikicheza. Nadhani alikuwa anasali.

Hapo ndipo baba mdogo alipokuja. Alikuja na wanaume wa ukoo, panga mkononi. Alienda moja kwa moja penye ngazi, akaiondoa ukutani, akailaza chini, akaikalia. Panga aliliweka mapajani.

"Kaeni huko huko," alisema. "Mmetaka kuwa wanaume wa nyumba hii. Wanaume hawaogopi mvua."

Wanawake waliokuwa chini walirudi nyuma. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, na sikuweza kusogea. Mtoto aliamka mgongoni akaanza kulia, halafu kukohoa, na baba mdogo akageuza kichwa akatutazama. Nilifikiri atatukata. Nilifikiri kifo kilichokuwa kinatafutwa ndicho hiki, na kwamba kimekuja na uso wa ndugu yake baba, wenye pua ileile ya baba.

"Nirushie kamba," Kukhu alisema kutoka juu, sauti yake kavu. Hakuwa anasema na baba mdogo. Alikuwa anasema na wanawake. "Nyie mmesimama mnaangalia nini? Nirushieni kamba."

Mmoja akaokota kamba akarusha. Mwingine akarusha tita. Baba mdogo hakuwazuia. Nadhani hakuwa amefikiria kwamba wataendelea. Basi wakaendelea kufunga, ngazi ikiwa chini ya matako yake, ngurumo ikisogea. Upepo wa mvua ulipofika ulizikamata nyasi zilizokuwa bado hazijafungwa. Msichana wa Malaba alinyoosha mkono azidake, mguu ukatoka kwenye fito, akaanguka.

Sauti ya kuanguka kwake naisikia hata sasa. Ilikuwa ndogo, kama gunia la mahindi linaloshushwa vibaya. Hakulia. Alikaa, akautazama mkono wake uliokuwa umepinda mahali pasipopindika, na kitu cha kwanza alichokisema kilikuwa, "Mume wangu."

"Imeanza," alisema baba mdogo.

Alisimama. Nilikuwa pale, nikaiona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka mpaka panga likagonga ngazi likitoa mlio. Nilikuwa nimemdhania mtu asiyeogopa kitu, kumbe alikuwa na hofu ileile niliyokuwa nayo mimi. Alitaka kuwa mbali na mahali pale kabla laana haijachagua mtu. Aliondoka kwa haraka bila kuaga wenzake, nao wakamfuata nusu wakikimbia, na ngazi ikabaki pale.

Kukhu alishuka akaufunga ule mkono kwa vipande vya fito na kitambaa cha kichwani mwake. Msichana aliuma kanga. Mama hakushuka. Alibaki juu peke yake, mvua ikianza kumpiga, akafunga safu za mwisho, na kileleni, mahali pa kile kijiti kilichovunjwa, akapafunika kwa chungu chetu kikuukuu kilichovunjika mdomo ili maji yasiingie. Aliposhuka kucha zake zilikuwa zinatoka damu. Tuliingia ndani. Palikuwa pakavu. Hakuna aliyefurahi.

Siku chache baadaye mdogo wangu akashikwa na homa. Mwili uliwaka, macho yakageuka, na kile kikohozi kikawa kifupi kifupi kama cha kuku. Mama alimkumbatia akawa anazunguka naye uani akirudia, "Mimi ndiye niliyepanda. Si yeye. Mimi ndiye niliyepanda." Hakuwa anasema nasi. Kukhu alipofika, alimshika mabega akamtikisa.

"Mtoto huyu alikohoa kabla ngazi haijasimama. Umesahau? Twende hospitali."

"Wakisema ni laana?"

"Daktari hajui paa lako lilipandwa na nani. Twende."

Wakaondoka kwa miguu kwenda Busia, mtoto mgongoni mwa mama, Kukhu mbele na kikapu. Mimi niliachwa kwa yule msichana wa Malaba, nimsaidie kuteka maji na kupika kwa sababu ya mkono wake.

Siku zile ndizo siku za hofu kubwa kuliko zote nilizowahi kuziishi, na nimeishi sana. Nyumba yake ilikuwa karibu na barabara, na malori ya kwenda na kutoka Uganda yalipita hapo. Habari za Jinja zilikuja kwa njia hiyo. Dereva alisimama, akaita jina la mji, akasema fulani anawasalimu au fulani amefariki. Msichana hakuondoka mlangoni. Mimi nilikaa kando yake natazama upande wa mjini, yeye anatazama upande wa mpaka.

"Gari likipunguza mwendo," aliniambia, "moyo wangu unasimama. Likipita, naomba Mungu anisamehe kwa kufurahi."

"Kwa nini ulipanda?" nilimwuliza.

Alifikiri. "Mama yangu alirithiwa. Nilikuwa kama wewe hivi. Nilisikia alivyolia." Akaugusa ule mkono uliofungwa. "Lakini kama nimemwua mume wangu, sitajua kama ni vizuri."

Hatukula vizuri. Ugali uliobaki tuliwapa kuku. Nilipomwaza mdogo wangu, nilimwona amefungwa kwenye shuka jeupe, na nilipojikemea nisiwaze, niliogopa kwamba kuwaza huko ndiko kunakovuta kifo.

Alasiri moja lori lilipunguza mwendo, likasimama. Msichana alinishika bega kwa mkono wake mzima, vidole vikaniingia nyamani. Mlango wa upande wa abiria ulifunguka, akashuka mwanaume mrefu mwenye koti, ana begi dogo. Alikuwa mume wake. Alikuwa amenenepa kidogo.

Msichana alikaa chini vumbini pale pale.

Mume alikuja akasimama mbele yetu. Alikuwa amesikia habari sokoni pale mpakani, watu wakisema mke wake amepanda paa na kuanguka, na kwamba yeye mwenyewe si wa kukaa sana duniani.

"Ulijua ninaweza kufa?" alimwuliza.

"Nilijua."

"Na ukapanda?"

"Nilipanda."

Alilitua begi lake chini. Kisha akainama akaushika ule mkono uliofungwa, kwa upole ambao haukulingana na uso wake. "Mimi ni mzima," alisema kwa hasira. "Nitazame. Mimi ni mzima." Akaingia ndani akaomba maji ya kunywa. Sikumwona akitabasamu mpaka aliporudi Jinja, na alimkataza mke wake asipande paa la mtu tena. Msichana alitii nusu. Hakupanda tena, lakini nyasi aliendelea kukata, na mkono wake ulipona ukiwa umepinda kidogo.

Mama alirudi baadaye, kwa lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Busia mjini aliyewaonea huruma barabarani. Nilimwona akishuka na kitu mgongoni kimefunikwa gubigubi, hakisogei. Sikukimbia kumlaki. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ni Kukhu aliyekifunua kitambaa, na mdogo wangu akakunja uso kwa ajili ya jua. Ilikuwa malaria, na kifua. Alikuwa amekonda, kichwa kikubwa, lakini alinishika pua.

Sitaki kusema kwamba tulishinda. Baba mdogo hakutusemesha tena, na mwaka uliofuata alisogeza mpaka wa shamba akachukua kipande cha chini chenye unyevu, kile cha viazi na mboga za kiangazi. Mama alikwenda kwa wazee, wakamwambia amwombe yule fundi wake mwenye moto wa sigara mdomoni amtetee. Kipande hicho hakikurudi. Wasichana wenzangu walirudi kucheza nami kidogo kidogo, mimi bila kusema kitu, wao bila kusema kitu.

Lakini masika yale hatukulowa. Na kabla mwaka haujaisha mwanamke mmoja mgeni alifika nyumbani, kutoka upande wa Khunyangu, miguu imevimba kwa kutembea. Alisimama uani akitazama juu, akauliza, "Ni hii?" Mama akamkaribisha ndani akampa uji. Naye alikuwa mjane aliyekataa, na nyumba yake ilikuwa inavuja. Asubuhi wanawake wakafunga safari, kamba mabegani, nami nikaenda nao kubeba maji.

Njiani nilitembea karibu na Kukhu. Nilikuwa sijawahi kumwuliza kitu chochote, lakini siku hiyo nilithubutu.

"Kukhu, ile siku ya kwetu hukuogopa?"

Alitoa sigara mdomoni akatazama ule moto. "Nilijikojolea," alisema. "Kule juu, baba yako mdogo alipochukua ngazi. Bahati nzuri nyasi zilikuwa kavu, zikanywa."

Wanawake walicheka mpaka wakasimama kushika magoti. Mama pia alicheka. Mimi sikuweza. Tulipofika Khunyangu ngazi ikasimamishwa, na mama alipoweka mguu kwenye kijiti cha chini nilimshika kanga yake kwa nyuma. Hakunigombeza. Alisubiri. Alisubiri mpaka vidole vyangu vikalegea vyenyewe, ndipo akapanda.